Kodi Ikiisha: Mwongozo wa Mpangaji Asiyetaka Makuu

Umehamia Mbeya au Iringa, hongera. Umepata chumba na sebule, umeme upo, maji yanatoka siku tatu kwa wiki, choo kiko uani na ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari. Mwongozo huu haukufundishi kutafuta nyumba. Kazi hiyo dalali ameshaimaliza, na amekula kodi ya mwezi mzima kwa kutembea nawe kutoka Mafiati hadi Ilomba. Hapa tunazungumzia kutoka. Kuingia kwenye nyumba ya mtu ni shughuli ya mchana mmoja. Kutoka ndiko kwenye elimu, na elimu yenyewe, kama utakavyoona, heri usiwe nayo.

Kwanza kabisa, usitamke neno mkataba. Msikilize mpangaji yeyote, wa Soweto au Mwanjelwa, wa Kihesa au Mtwivila. Hatakwambia mkataba wake unaisha lini, atakwambia kodi yake inaisha lini. "Kodi yangu inaisha mwezi wa sita." Shika lugha hiyo. Kodi ni hela, na ikiisha imeisha kama unga kwenye ndoo, hakuna wa kulaumiwa. Mkataba una tarehe, una masharti, una haki za watu wawili ndani yake. Ukianza kuutaja, mwenye nyumba atakutazama kama mtu uliyetumwa na TRA.

Nisimlaumu sana. Mwaka 2023 ulipoanza zilivuma kelele nchi nzima kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, kwamba mpangaji ndiye aikate na kuipeleka. Mama wa watu ana vyumba viwili vya uani ndivyo vinavyomlipia ada za wajukuu, halafu mpangaji anamjia na kalamu. Hata mimi ningeficha miwani.

Ukilazimisha sana, utapata karatasi. Yangu ya Ilomba ilichanwa kwenye daftari la kaunta, upande mmoja una mistari ya hesabu za sementi. Iliandikwa hivi: nimempangisha fulani chumba kimoja na sebule, miezi sita, tarehe 1 Januari hadi 30 Juni, shilingi laki tatu, asifuge mbwa, asilaze wageni zaidi ya siku tatu, kikiharibika kitu atatengeneza. Sahihi yake, sahihi yangu, na sahihi ya shahidi, ambaye alikuwa kijana wa bodaboda aliyekuja kuomba maji. Neno notisi halikuwemo. Neno amani halikuwemo. Mbwa walikuwemo.

Karatasi kama hiyo itunze vibaya. Ikunje mara nne, iweke kwenye mfuko wa suruali, fua suruali. Usiende nayo kwa mtendaji wa mtaa ikapigwe muhuri, na TRA usiikaribie kabisa. Ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Chumba cha elfu hamsini kwa mwezi kinadaiwa shilingi 6,000. Hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi hadi ilipiwe, lakini wewe na ushahidi wapi na wapi? Mmeelewana.

Halafu kuna LUKU. Tangu Julai 2021 kodi ya majengo inakatwa humo: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni wewe. Kwa mwaka ni elfu kumi na nane za mtu mwingine unazomlipia ukiwa gizani na simu mkononi, unasubiri tokeni. Ujumbe wa tokeni ukiingia, soma namba tu. Mstari unaoonyesha makato uuruke, na wakati wa kulipa pango usithubutu kusema "mama, hapa naomba tutoe ile ya majengo". Mpangaji mzuri hana hesabu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Miezi sita imepita, 30 Juni imefika, hakuna aliyesema neno. Wewe unalala, mwenye nyumba analala. Tarehe 4 Julai unampelekea hela, anapokea, anasema asante mwanangu. Karatasi mpya haiandikwi. Mnaendelea hivyo mwaka, miaka miwili. Hapa ndipo Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inapojiingiza mahali isipoitwa. Kifungu cha 79 kinasema mpangaji aliyeendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba baada ya muda wa mkataba kwisha hajawa mvamizi. Amekuwa mpangaji wa kipindi, na masharti yale ya zamani yanaendelea kumlinda na kumbana. Kipindi chenyewe ni kile ambacho kodi hulipwa. Anayetaka kuuvunja upangaji huo, awe yeye au wewe, atoe notisi isiyopungua kipindi hicho, na iishie siku ya kulipa kodi.

Piga hesabu kidogo, halafu usahau. Anayelipa kwa mwezi, notisi yake ni mwezi. Na huyu mwenye nyumba aliyekukazania ulipe miezi sita kwa mkupuo, akakusumbua hadi ukakopa kwenye kikoba, kisha akaiacha tarehe ya mwisho ikapita huku akipokea hela ya miezi sita mingine? Kwa hoja nzuri tu unaweza kumwambia kwamba notisi yake nayo ni ya miezi sita. Kamba ameisuka mwenyewe. Sijawahi kumwona mpangaji aliyeitumia hoja hiyo. Nimewaona wengi waliopewa siku tatu.

Ila usije ukajidanganya kwa upande wa pili. Kama karatasi ina tarehe ya mwisho, siku imefika na mwenye nyumba hataki uendelee, humdai barua. Tarehe uliijua tangu ulipoweka sahihi. Ukibaki bila ridhaa yake, wajibu wako wote unaendelea, na kodi ikiwemo, hadi mguu wako utoke.

Kwa desturi ya huku, notisi haiandikwi. Inasimuliwa. Nilipohamia Iringa nilipanga Kihesa, na siku moja saa kumi na mbili asubuhi, baridi ile ya Julai ambayo kuchota maji ya ndoo kunauma vidole, nikasikia hodi.

"Kamwene, baba Neema."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto wameamkaje? Neema kikohozi kimepona?"

Kikohozi kilikuwa kimepona tangu Aprili. Akauliza kazi, akauliza wazee kijijini, akasifu maharage aliyoyaona yameanikwa uani. Mtu mgeni angedhani ni ujirani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu maboksi kichwani, maana mwenye nyumba hakusalimii hatua tano bure. Ya sita ikaja: kijana wake anarudi kutoka Dodoma, anaoa, atahitaji pa kufikia. Lini, mama? "Mwisho wa wiki hii, mwanangu, lakini wewe usijisumbue, hata Jumatatu."

Nilihama. Agosti nikapita kununua nyanya, chumba kimepakwa rangi ya maziwa na mlangoni kuna viatu vya wasichana watatu wa chuo. Kodi ilikuwa imepanda kwa elfu ishirini. Yule kijana wa Dodoma nafikiri bado anatafuta mchumba.

Vipo visa vingine vya aina hiyo na inakupasa uvitambue. Ukarabati: fundi anakuja, anapima ukuta kwa mikono, anaondoka, harudi. Nyumba imeuzwa: mnunuzi haonekani. Mgonjwa anatoka Makete, atauguziwa hapa. Wakati mwingine ni kweli, na hilo ndilo linalokutoa nguvu. Nani atasimama mlangoni kubishana na mgonjwa?

Ukichelewa kuelewa simulizi, vinakuja vitendo. Kufuli juu ya kufuli lako. Mlango uliotolewa kwenye bawaba "upelekwe kwa fundi". Na kwa mwenye nyumba aliyekusudia kweli, bati: anapanda kijana na nyundo, anaondoa mabati manne juu ya kitanda chako, anayapanga ukutani vizuri, anashuka. Dar es Salaam mbinu hiyo ni bughudha. Uyole mwezi wa saba, ukungu unashuka kutoka milimani, ni hukumu. Sheria ileile ya Ardhi inachukulia kwamba kila mwenye nyumba amekuahidi utulivu ndani ya muda wako, hata kama karatasi yenu inataja mbwa peke yake. Akitaka utoke nawe hutaki, mahali pa kusemea ni barazani, si juu ya paa. Lakini utamwambia nani hayo ukiwa umejifunika turubai?

Wazee wa mjini watakusimulia enzi za Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984, ambapo mwenye nyumba ilibidi aende kwenye baraza na sababu inayokubalika kisheria ndipo amtoe mtu. Ilifutwa 2005. Mwaka huohuo Mkwawa ikageuzwa chuo kikuu kishiriki, vijana wakaanza kumiminika Iringa kutafuta vyumba, na kila mwenye uani akagundua kwamba banda la kuku likipigwa plasta linaingiza hela. Sheria ikatoka, wateja wakaingia. Tangu hapo bei ni mapatano, na mapatano ni ya mwenye ufunguo.

Utasikia watu wakitaja mabaraza. Ukisikia, badilisha mazungumzo. Baraza la Kata lipo, na tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, haliamui tena. Likishindwa, linakuandikia kwamba limeshindwa. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaendelea mbele. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mbeya lipo, Iringa lipo, linaendeshwa na mwenyekiti na wazee wa baraza, na tangu 2021 hiyohiyo, sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo hata kisingizio cha Kiingereza umenyang'anywa. Ukiingia mle watakuuliza swali moja la kuudhi: karatasi iko wapi? Na lingine: ulilipa kwa njia gani? Ndiyo maana nasisitiza ulipe mkononi, jioni, bila mtu. Waliolipa kwa simu wana ujumbe wenye jina, kiasi na saa. Wanasumbua sana watu hao.

Ukihama katikati ya kipindi, usiulize hela iliyobaki. Jibu unalijua, kila mwenye nyumba kuanzia Nzovwe hadi Ipogolo amelikariri: kodi hairudi. Ile sinki uliyoweka, zile nyavu za madirisha, ule mlango wa chuma baada ya kuibiwa jiko la gesi, vyote ulivinunua kwa maneno ya "tutakatana kwenye kodi", na maneno hayo yalisemwa upepo ukivuma. Upepo wa Iringa unaujua.

Siku ya kuondoka usipige picha chumba. Usimwite jirani aone kwamba kioo kilikuwa kimepasuka kabla hujaja. Mpe ufunguo mtoto aliye karibu, panda kirikuu chako, godoro juu, jiko nyuma, ukamtafute yule dalali wa Mafiati. Atakuwa palepale, na atafurahi kweli kukuona.

Au kama leo umeamka vibaya na ushauri wangu wote umekukera, fanya jambo moja kabla hujalala. Ile karatasi ipo ndani ya kibegi cha vyeti, chini ya kadi ya kliniki ya mtoto. Itoe, ikunjue, usome tarehe ya mwisho. Kama haipo, kesho asubuhi mfuate mwenye nyumba, msalimie vizuri, mwandike nyingine.