Kipunji na Ubawa wa Tai

Wazee wa Kinyakyusa waliowinda ubavuni mwa mlima Rungwe walimtaja kipunji miaka mingi kabla ya mtaalamu yeyote kuwasadiki. Walimweleza kuwa ni mnyama wa jamii ya tumbili, mwenye uso mweusi na nywele zilizosimama utosini, mwenye haya nyingi, asikikaye mara kumi kabla ya kuonekana mara moja. Wageni walidhani ni masimulizi ya kando ya moto, hadi mwaka 2003 wataalamu walipomkuta katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na mwaka 2004 wengine wakamkuta mbali kabisa, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Kati ya makao hayo mawili pana zaidi ya kilomita 300. Jinsi ukoo mmoja ulivyotengana kiasi hicho, wenye elimu wana maelezo yao. Wasimulizi nao wana yao, na haya ndiyo niliyoyachagua.

Inasimuliwa kwamba zamani misitu yote ya nyanda hizi, kutoka Ziwa Ngozi hadi mabonde ya Ruaha Mkuu, ilikuwa himaya moja, na Baraza la himaya hiyo liliamua, kwa nia njema kabisa, kwamba kila mtoto wa mnyama afunzwe somo la tai, kwa maana watoto wengi walikuwa wakinyakuliwa wangali wanacheza. Nia hiyo naisifu mpaka leo, na anayeibeza hajawahi kumsikia mama akiita jina lisiloitikiwa. Lakini mbiu ilipopigwa, watoto walikuja makundi kwa makundi hata matawi yakalia kwa uzito, na wafunzi waliokuwapo hawakutosha hata robo. Ndipo Baraza likaagiza wanagenzi waandaliwe upesi: mwaka mmoja wakae shinani wakisikiliza, mwaka wa pili wapandishwe matawini wakafunze, na kabla mwaka huo haujaisha aje Hondohondo awapime.

Kipunji mmoja kijana, mzaliwa wa Rungwe, akapangiwa Ndundulu. Alikata uwanda wa Kitulo ukungu ukiwa umelala juu ya maua, akapita Kipengere, akapigwa na upepo wa Makambako na manyunyu ya Mufindi, akafika manyoya yamegandamana mwilini. Aliyempokea alikuwa Mbega mzee, mwenye joho jeupe mabegani, na Kipunji akainama akasema, “Shikamoo, babu.” Mzee akaitikia marahaba kwa bashasha, akamwonyesha tawi la kulala, akamkabidhi watoto wote siku ile ile, akisema, “Umekuja wakati mwafaka, mwanangu. Mgongo wangu umeyatamani sana majua haya.” Kisha akapanda kileleni kuota jua, na hakushuka tena saa za masomo. Sitamhukumu mzee yule. Alifunza peke yake msimu baada ya msimu bila msaidizi, na hakuna aliyemwambia kwamba mwanagenzi ni mtu wa kushikwa mkono. Yeye alidhani ameletewa wa kumpokea mzigo.

Shida ya kwanza ya Kipunji ilikuwa sauti. Kule shinani walifundishwa kwamba mfunzi hodari husikika bonde hadi bonde, na mfano waliopewa ulikuwa tarumbeta la Hondohondo mwenyewe, basi wanagenzi wote wakaliiga, kila mmoja kwa koo alilojaliwa. Kipunji naye alipiga tarumbeta. Ilitoka kelele nyembamba iliyokatikia njiani, na watoto wakaangua kicheko hata mmoja akadondoka tawini. Tangu hapo akafunza akiwa amewapa mgongo, macho kwenye gome alilochonga andalio lake, kidole kikifuata mstari baada ya mstari, na kidole chenyewe kikitetemeka. Aliuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mkono wowote haujanyooka, kwa maana kimya cha kati ya swali na jibu alikiona kirefu kuliko usiku wa masika. Mwisho kabisa, kwenye panda ya tawi, Komba mdogo alilala tangu mwanzo wa somo hadi mwisho wake, na Kipunji akachonga kando ya jina lake neno moja: mvivu.

Alikuwapo Bi Kima, mjane aliyekuja kila adhuhuri kumchukua mjukuu wake. Alizoea kuwahi, akakaa nyuma ya watoto akichambua majani, hasemi neno. Siku moja watoto walipotawanyika akasogea, akamkuta Kipunji ameshika kichwa, ananong'ona kwamba sauti haitoki na Hondohondo hatampitisha kamwe. Bi Kima hakugusia sauti wala Hondohondo. Aliuliza, “Mwanangu, leo nani hakuelewa?” Kipunji akafungua kinywa, akakifunga, maana alijua mistari yote ya gome lake lakini hakukumbuka hata uso mmoja. Kesho yake bibi akaja na swali lile lile, na keshokutwa vilevile, bila ukali, kama anayeuliza habari za nyumbani.

Ili apate la kumjibu bibi, ikambidi Kipunji ageuke awatazame watoto. Hapo ndipo nisimuliapo polepole, kwa sababu mambo yenyewe yalikwenda polepole. Alimwona mmoja anayeitikia “ndiyo” kwa kufuata midomo ya jirani. Alimwona mwingine anayejua kila kitu ila huogopa kunyanyuka, akamtambua mara moja kwa kuwa walifanana. Alimfuata Komba hadi kwao, akakuta kwamba ukoo ule hukesha usiku kucha ukitafuta utomvu wa miti, na kwamba mtoto yule hufika asubuhi akiwa hajafumba jicho. Akalifuta neno alilochonga, akawa anamfunza alfajiri, kabla hajasinzia. Alijifunza kuuliza swali na kukaa kimya baada yake, akipumua, hata mkono mmoja unyooke, na wa pili. Na siku watoto wawili walipokuwa wakisukumana kwenye tawi bovu, ukamtoka bila kukusudia mbweko mzito wa kifuani, ule ule wa baba zake wa Rungwe, na darasa zima likatulia. Hakuna aliyecheka. Kuanzia siku hiyo lile tarumbeta hakuligusa tena.

Msimu wa kupimwa ukawadia, na himaya nzima ikaingiwa na homa. Ulikuwapo ubawa mmoja mkavu wa tai, zana iliyosifiwa kuliko zote, nao ukawa unakimbizwa kutoka shule hadi shule mbele ya Hondohondo, ukifika kwa mwanagenzi huyu ungali na joto la mikono ya yule. Mahali pengi somo lililofunzwa jana lilirudiwa leo kana kwamba ni jipya. Watoto waliagizwa wote wanyooshe mikono: ajuaye wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wazito walipelekwa kuchuma matunda siku nzima, na wepesi wakaketishwa mbele. Mbega mzee, kwa huruma kabisa, alishuka kileleni kumfundisha Kipunji hila hizo, akasema, “Ndivyo tulivyopita sote, mwanangu.” Kipunji akamshukuru, akaupokea ule ubawa, lakini watoto akawaacha mahali pao, Komba akiwa kwenye panda yake.

Hondohondo akatua kwa kishindo, akatandaza gome lake la alama, akainamisha mdomo tayari kuchonga. Kipunji alianza, na kidole kilitetemeka kidogo mwanzoni. Akauinua ubawa, akauliza nini kitawajulisha kwamba tai amekaribia. Kikapita kimya. Kisha Komba, macho mekundu kwa kukesha, akasema, “Mwalimu, huyu tai wako hana kivuli. Siku alipomchukua dada yangu, sisi tuliona kivuli.”

Hatua ya tatu ya andalio ilitaka watoto wauimbe ubawa kwa pamoja. Hondohondo alikohoa. Kipunji akautundika ubawa kwenye mwiba, akamwendea Komba, akamwambia, “Hilo sikulifikiria. Tuonyeshe.” Wakatoka wote hadi ukingo wa msitu, mahali miti inapoachana na jua linapoanguka juu ya nyasi, wakakaa wakitazama chini badala ya juu. Wingu likapita na kivuli chake, nao wakajadiliana kivuli cha wingu kinavyotambaa na cha ndege kinavyochomoka. Mwewe akapita, na watoto wote, wepesi kwa wazito, wakawa ndani ya majani kabla hajafika katikati ya uwazi. Kipunji akapita tawi kwa tawi akiwahesabu, akiita kila mmoja kwa jina. Mahali pale ukingoni Hondohondo alikuwa bado anachonga: hakumaliza hatua ya tatu, zana ilitelekezwa, darasa lilihamishwa bila kibali, sauti haifanani na kielelezo.

Baraza liliketi juu ya taarifa hiyo tangu machweo hadi mbalamwezi. Walibishana kama kivuli ni zana au si zana. Mmoja akataka kujua kimo kwenye orodha ipi, mwingine nani alikikagua, wa tatu akahofia kwamba vivuli vikiruhusiwa leo, kesho yatadaiwa mawingu. Katika maneno yote hayo halikutajwa jina la mtoto hata mmoja. Mwisho wakaafikiana, likatolewa agizo kwamba kuanzia msimu ujao kila mwanagenzi afike mbele ya Hondohondo akiwa na kivuli cha tai, chenye urefu usiopungua pima moja, kilichotunzwa mahali pakavu. Na wanagenzi, kutoka Rungwe hadi Udzungwa, wakaonekana wakikata vivuli kutoka majani ya migomba.

Nakala ya agizo ilifika Ndundulu alfajiri moja. Kipunji akaisoma, akaitundika kwenye mwiba karibu na ubawa, kisha akamwita Komba apande juu awaeleze wenzake alichokisikia usiku.