Utukufu wa Kuperuzi

Nyuki amesifiwa kwa bidii, jogoo kwa kuwahi kuamka, na punda kwa uvumilivu ambao hakuna aliyemuuliza kama anautaka. Lakini kuperuzi mtandaoni, shughuli inayotuweka macho usiku kuliko ibada na mapenzi, kumeambulia lawama tupu kutoka kwa walimu, mashehe, wachungaji na wake za watu. Nasimama kuitetea shughuli hii mbele ya umma.

Nianze na nasaba, maana kuperuzi hakukuokotwa jalalani. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini, ilikubidi ubofye kwenda ukurasa wa pili, na katika nukta ile ya kubofya mtu aliweza kukumbuka kwamba ana wali jikoni. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin aliiondoa kero hiyo kwa kubuni ukurasa usioisha, unaojiongeza kila kidole kinapouteremsha. Huyu ni mwana wa Jef Raskin, aliyeuanzisha mradi wa kompyuta ya Macintosh pale Apple mwaka 1979. Damu ya watu wenye akili, kwa hiyo. Baadaye Raskin mwana aliujutia uvumbuzi wake hadharani. Tumsamehe. Si kila mzazi anaitambua thamani ya alichokizaa, na wali umekwishaungua.

Fadhila ya kwanza ya kuperuzi ni kumaliza ugomvi mkongwe. Wahenga walishikilia kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, wakatuachia tuchague upande. Leo mtu anatembea bure huku amekaa bure: yupo Istanbul kwenye duka la mazulia, mara yupo Seoul jikoni kwa watu, na kochi halijamwachia.

Fadhila ya pili ni elimu. Video ya kwanza kabisa ya YouTube, iliyopandishwa tarehe 23 Aprili 2005, ina sekunde 19. Ndani yake Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi, amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego akieleza kwamba mikonga yao ni mirefu. Msomi gani wa Kitanzania angelijua hilo bila mtandao? Abiria wa basi la Mbeya, anayepita katikati ya Hifadhi ya Mikumi ameinamia simu, anaweza kumkosa tembo wa dirishani kwa ajili ya huyu wa San Diego. Hajapoteza kitu. Wa dirishani akishapita hawezi kurudishwa nyuma.

Fadhila ya tatu ni udugu. Kumjulia mtu hali kulikuwa na gharama zake: nauli, kilo ya sukari, na kula ilhali umeshiba. Sasa nachungulia stetasi ya shangazi kabla saa 24 hazijapita ikafutika. Nimeona kwamba anaumwa mguu. Shangazi ameona kwamba nimeona. Udugu umetimia, na hakuna aliyesumbuliwa kusema pole.

Lakini fadhila kuu ni ajira, na hapa ndipo wanaotuita wavivu wanapoumbuka. Mwenye kuperuzi huingia kazini kabla ya kunawa uso. Huchapa kazi kitandani, chooni, kwenye foleni ya benki, hata msibani, simu ikiwa imefichwa chini ya khanga. Likizo haombi, chama cha wafanyakazi hana. Kila kidole chake kinaposita juu ya picha, kusita huko kunanukuliwa, kisha kunawasaidia wenye mtandao kuwauzia wafanyabiashara nafasi za matangazo. Na nyenzo za kazi anajinunulia mwenyewe kwa jina la bando. Wapi pengine mkazi wa Tandika humchangia tajiri wa California kila siku, bila kamati, bila ahadi, bila kutajwa jina ukumbini? Mtu huyo huyo akiletewa kadi ya mchango wa harusi ya jirani, anasema hali ni ngumu.

Wapinzani wana hoja moja iliyobaki. Wanadai mtu huanza kuperuzi kwa sababu ameboeka, na humaliza akiwa ameboeka zaidi. Ni kweli, na huo ndio ustadi wenyewe: dawa inayoponya humpotezea muuza duka mteja.

Basi naomba wenye kuperuzi wapewe haki za mfanyakazi yeyote: mshahara, likizo na saa ya kutoka kazini. Mshahara na likizo tutavifuatilia huko California, tukipata nauli. Saa ya kutoka ni mali yetu tangu siku ya kwanza, haihitaji kibali cha mtu, na sijamjua bado mfanyakazi aliyeitumia kabla bando halijakata.