Bingwa wa Nasaba Ahutubia Tukuyu

Bingwa alipanda jukwaani akiwa amechelewa saa nzima, na kwa maelezo yake mwenyewe huo ndio uungwana wa wasomi. Shingoni alining'iniza kitambulisho cha semina iliyokwisha miaka mingi, mkononi alibeba mkoba ambao hakuufungua hata mara moja. Cheo chake hakikutolewa na chuo chochote. Alijiteua, akajithibitisha, akajipongeza, kisha akakisoma kutoka kwenye kadi: "Bingwa wa Nasaba, Kumbukumbu na Mambo Yote ya Kale, Wilaya ya Rungwe na Viunga Vyake." Viunga hivyo, aliongeza, ni pamoja na Ulaya.

Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikipiga bati kama kawaida yake. Bingwa aliipokea kama makofi.

"Ndugu zangu msiojijua," alianza, "nina kanuni saba za kumtafuta babu." Ukumbi ulijaa vijana wenye simu, wazee wenye miavuli na akina mama waliotoka sokoni, wote wakiwa na shida moja. Kila mmoja anajua jina la babu, wachache wanajua jina la baba wa babu, na zaidi ya hapo ni ukungu wa Mlima Rungwe asubuhi ya mwezi wa nne.

Kanuni ya Kwanza ilikuwa fupi: chukueni pasipoti. Nasaba ya Mnyakyusa, alisema Bingwa, huanzia Herrnhut.

La kuudhi ni kwamba hapo hakukosea kabisa. Herrnhut ni mji mdogo wa Saxony, mashariki mwa Ujerumani, makao ya kale ya Wamoravian, na hifadhi ya nyaraka za kanisa lao iko hapo mpaka leo. Mwaka 1891 wamisionari wao walipanda kutoka Ziwa Nyasa wakajenga kituo chini ya Mlima Rungwe. Mwaka huohuo wakaingia wenzao wa Misioni ya Berlin, ambao vituo vyao vya Manow na Mwakaleli ni sehemu ya mizizi ya KKKT Dayosisi ya Konde ya sasa. Wamisionari hao walikuwa watu wa kuandika. Waliweka shajara za vituo, wakatuma taarifa kwao, wakapiga picha. Nani kaja kuomba hifadhi, nani kaanza darasa la ubatizo, nani kagombana na malafyale wake, yaani chifu: mambo ambayo hapa nyumbani yalikwisha kusahaulika, kule yamefungwa kwenye maboksi na kupewa namba.

Bingwa hajafika Herrnhut. Ameiona kwenye ramani, kwa karibu sana. Alipoulizwa kama anasoma Kijerumani alijibu kwamba anakisoma kwa hisia, na hisia zake hazijawahi kumdanganya. Kwa mtu wa kawaida ipo shida, maana mwandiko wa Kijerumani wa zama zile ulikuwa wa namna yake, na hata Mjerumani wa leo asiyefundishwa hukwama kwenye mstari wa kwanza. Kuna shida nyingine ndogo inayowaangusha wengi. Wilaya hii haikuitwa Rungwe katika makaratasi yale, wala mji haukuitwa Tukuyu. Atafutaye na aandike Neu-Langenburg, atafute Konde mahali pa Unyakyusa, na akikuta Muakjusa asipite haraka, huenda ni Mwakyusa aliyevishwa herufi za kigeni. Picha nyingi za Wamoravian hao zinaonekana bure mtandaoni katika mkusanyiko wa picha za kimisioni wa Chuo Kikuu cha Southern California. Kijana mwenye bando la siku moja anaweza kuzitazama akiwa amekaa kijiweni Katumba, bila pasipoti.

Binti mmoja aliinua mkono. "Shikamoo Bingwa. Babu wa baba yangu hakubatizwa. Alikuwa na wake watano."

"Basi huyo hayupo," alisema Bingwa, na kutaka swali jingine.

Yupo. Misioni zilisita sana kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi, kwa hiyo wazee wengi wenye ng'ombe na migomba ya kutosha hawamo katika vitabu vya kanisa kwa majina yao wenyewe. Ila wamo pembeni. Mke wa tatu alibatizwa, au mwanawe alibatizwa alipoingia shule, na mchungaji aliyeandika jina la mtoto alipaswa kuandika na jina la baba. Ukimtafuta mzee mwenyewe unatoka mikono mitupu. Watafute wake na watoto, nyumba moja baada ya nyingine, na mzee ataonekana katika safu ya baba, mara tano, kwa tahajia tano.

Kitabu chenyewe mara nyingi hakiko Ujerumani. Kiko hapa hapa, katika kabati la ofisi ya ushirika, pamoja na sahani za sadaka na mabegi ya kwaya. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu lililochakaa pembeni. Safu ya kwanza ni namba, kisha jina la ubatizo, baba, mama, kijiji, tarehe, aliyebatiza, na mwisho safu nyembamba ya maelezo ambayo watafiti wavivu huiruka. Hiyo ndiyo safu ya kusoma kwanza. Humo mtu mwingine, kwa wino mwingine na miaka mingi baadaye, ameandika neno moja moja: ameolewa, amehama, amefariki. Hapo binti aliyepotea katika hadithi za ukoo huonekana alikokwenda. Kando yake kuna kitabu cha kipaimara, cha ndoa, na kumbukumbu za vikao vya wazee wa kanisa, ambamo mabishano ya mahari na nyumba ndogo yamehifadhiwa kwa uaminifu kuliko familia zenyewe zingependa.

Vitabu hivi viko hatarini. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na karatasi haipendi unyevu wala mchwa. Herrnhut ina wataalamu wa kutunza karatasi. Ofisi nyingi za ushirika zina kufuli na katibu wa kujitolea. Bingwa hakuligusa jambo hili. Alisema vitabu vya vijijini ni "nyaraka za daraja la pili", akanywa maji.

Kanuni ya Pili ilihusu Serikali. Hapa Bingwa alinyanyua sauti kuishinda mvua, akaeleza kwamba watu wote wa Rungwe wamo katika nyaraka za Dar es Salaam. Wote hawamo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, ina mafaili ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika habari za machifu, mila, mipaka na nasaba za watawala. Aliyetoka katika ukoo wa malafyale atarudi na kurasa. Aliyetoka kwa mkulima wa kawaida atampata babu yake iwapo tu alishtaki, alishtakiwa, alikuwa karani au aliandika malalamiko. Kwa hiyo katika ukoo wenu mshukuruni mgomvi. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inafungua mafaili mengi yaliyotimiza miaka 30. Mtu asifunge safari ya usiku kucha kwenda Dar bila barua ya utambulisho na bila kuuliza kwanza.

Vyeti vya kuzaliwa Bingwa alivisifu kwa dakika nyingi. RITA, wakala unaotoa vyeti hivyo, ilianzishwa mwaka 2006, na sheria ya kusajili vizazi na vifo ilikuwapo tangu 1920, lakini kwa miaka mingi Waafrika hawakulazimika kusajiliwa. Kumtafutia cheti mtu aliyezaliwa Masoko mwaka 1932 ni kupoteza nauli.

Masoko ilimtoa Bingwa kwenye reli kabisa. Kando ya ziwa lake la kreta lipo jengo la mawe la Wajerumani, lililokuwa kambi ya askari na baadaye likawa mahakama. Wenyeji husimulia kuwa Wajerumani walizamisha sarafu ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na watu wameshapiga mbizi kuzitafuta. Bingwa naye ana nadharia ya sarafu, ina sehemu nne. Katika miaka yote hiyo wamejitokeza wengi wa kutafuta fedha ziwani. Wa kuuliza hukumu za mahakama ile ziliishia wapi ni wachache, ingawa kesi za ng'ombe na urithi hutaja majina mengi kuliko sarafu yoyote.

Kanuni ya Tatu hadi ya Tano zilirukwa, kwa sababu muda ulikuwa umekwenda. Ndani ya hizo ndimo ilimokuwa vita ya 1916, majeshi ya Uingereza yalipoingia kutoka Nyasaland na wamisionari wa Kijerumani wakachukuliwa mateka. Kwa takriban miaka kumi makanisa yalishikiliwa na walimu na wazee wa hapa, wakisaidiwa na Waskoti wa Misioni ya Livingstonia. Ndiyo maana mwenye pengo la miaka hiyo katika ukoo wake anaweza kulijaza Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, au Zomba, kwa jirani zetu wa Malawi, ambako hahitaji Mjerumani wa kumsomea mwandiko.

Kanuni ya Sita ndiyo ilimpa Bingwa makofi ya kweli, ingawa hakuwa ameiandaa. Mzee mmoja aliuliza kuhusu Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka vijijini na madaftari kabla ya vita ya Hitler. Hao walikuwa Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Vitabu vya Monica juu ya vijiji vya rika, matambiko na ndoa vilianza kutoka mwaka 1951, na cha mwisho kilitoka 1977. Kilicho muhimu kwa mtafuta ukoo ni madaftari. Yamejaa misiba, mahari, ndoto, ugomvi wa mashamba, na wanaosema humo wana majina. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na karani wao Leonard Mwaisumo, kijana wa huku, aliyefariki mwaka 1938 kabla ya kuona kitabu hata kimoja. Wanahistoria wamemwandikia sura nzima katika kitabu cha mwaka 2013 kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake.

Madaftari hayo yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukateketeza ukumbi wa Jagger wa maktaba hiyo. Vitabu vingi vya masomo ya Afrika viliungua. Nyaraka nyingi zilizokuwa vyumba vya chini ziliokolewa, baadhi zikiwa zimelowa maji ya kuzimia moto. Kwamba misiba ya Unyakyusa ya mwaka 1936 ilikaribia kuungua Afrika Kusini, huku wajukuu wa wafiwa wakiwa hawajui kuwa imeandikwa popote, ni aibu ambayo hotuba hii haikuitaja. Bingwa alisema tu kwamba Monica angefaidika sana kumjua yeye.

Afrika Kusini ina jambo jingine. Babu aliyekwenda migodini kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi, na Rungwe ilitoa wengi, aliandikishwa. Nyaraka za mwajiri huyo zimo katika Chuo Kikuu cha Johannesburg. Familia iliyokaa miaka sitini ikisema "alipotelea Joni" ina pa kuuliza.

Kanuni ya Saba ilikuwa kununua kijitabu cha Bingwa, ambacho kitachapishwa akipatikana mfadhili. Mama mmoja alisema "Ndaga, baba", akafungua mwavuli, na nusu ya ukumbi ikamfuata.

Mpangilio wa Bingwa ugeuzwe miguu juu. Mwenye bibi wa miaka themanini Mwakaleli au Kiwira amwendee Jumamosi hii, amwulize majina ya wake wa babu kwa mpangilio wa nyumba zao, na kila mmoja alitokea kijiji gani. Jumapili baada ya ibada amwone katibu wa ushirika aombe kitabu cha ubatizo, akisomee hapo hapo ofisini kwa sababu hakiazimwi, na akiruhusiwa apige picha kila ukurasa wa ukoo wake. Barua ya Upanga aiandike Jumatatu.