Kompyuta Iliyokubali Kila Kitu

Mbalamwezi ikijaa, Kazimia nzima inapata nafasi ya kugombana. Usiku mweupe ndagala hawazifuati taa za wavuvi, kwa hiyo mitumbwi inalala ufukweni na wenye mitumbwi wanakuja kwenye mkutano wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana feza. Mimi ndimi sekretere wake. Daftari letu lilikuwa limenyeshewa mvua, limemwagiwa mawese, na ukurasa wa madeni makubwa ulikuwa umetoweka kwa namna ambayo wadaiwa hawakuonekana kuisikitikia. Ndipo kijana wetu mmoja aliyesoma infomatiki Bukavu akajitolea kutuandikia programu. Kompyuta yake, umeme wa jua wa mchungaji, feza zetu.

Aliandika kwa lugha ya C. Mahali pa neno la siri akaweka fanksheni iitwayo getpass, ambayo ina umri wa kumzaa yeye: ilikuwemo katika toleo la saba la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979. Inauliza swali, inazuia skrini isionyeshe herufi unazobonyeza, inasoma, kisha inairudisha skrini katika hali yake. Haionyeshi hata vinyota.

Mama mtunza feza akabonyeza herufi ya kwanza. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

“Mwanangu, mashine yako imekufa.”

“Haijafa, Mama. Inaficha.”

“Inanificha mimi? Si mimi ndiye natunza feza?”

Kwa kuwa macho yalikuwa hayamsaidii, Mama akatumia mdomo. Kila herufi aliyobonyeza aliitaja, polepole, kwa sauti ile anayoitumia kuwaita wanunuzi wa mikebuka sokoni. Watoto waliokuwa dirishani wakawa wanaitikia. Getpass ilifanya kazi yake vizuri sana: katika chumba kile, kitu pekee ambacho hakikulijua neno la siri kilikuwa skrini.

Programu ikamwomba aliandike mara ya pili, kuhakikisha. Mama alikuwa amekwisha kukasirika. Akapiga vidole hapa na pale, akabonyeza cha kumalizia, akasukuma kompyuta. Programu ikajibu kwamba maneno mawili yanafanana, asante. Tukapiga makofi.

Asubuhi neno likakataliwa. Watoto wa dirishani waliitwa, wakalitaja herufi kwa herufi bila kukosea, nalo likakataliwa vilevile. Kijana alikaa na kompyuta hadi mchana, kisha akatoka uso umemshuka. Getpass, akaeleza, haikukabidhi neno lenyewe. Inakuambia tu lilipo kwenye kumbukumbu ya mashine, na mahali hapo ni palepale siku zote. Ni kama mwalimu mwenye kibao kimoja: akiandika neno la pili, la kwanza limeshafutwa. Programu ilipolinganisha “maneno mawili” ilikuwa inalinganisha kibao na kibao kilekile. Mama angeweza kuandika Zaburi nzima mara ya pili, na jibu lingekuwa ni hilohilo: yanafanana, asante. Lililohifadhiwa ni lile la hasira, na hasira ya Mama haina tahajia.

Feza hazikupotea. Ilibainika kwamba daftari lenyewe lilikuwa faili la maandishi ya kawaida, ambalo yeyote angeweza kulifungua bila neno la siri lolote. Habari hii tuliipokea kwa furaha na kwa hofu, kila mtu kulingana na deni lake.

Jioni ikazuka hoja: je, getpass imepitwa na wakati? Muzee mmoja, fundi wa injini za boti, alikataa. Injini yake ya Yamaha, alisema, ni ya zamani kuliko huyu kijana, na bado inampeleka Baraka. Hoja nzuri, lakini injini ya Muzee haijawahi kumpeleka Kalemie huku ikimwambia amefika Baraka. Kijana naye akasoma mashtaka: mwaka 1997 wenye kanuni za Unix waliitia katika kundi la vitu vya urithi, na katika kanuni za POSIX za 2001 wakaiondoa kabisa. Mwongozo wa Linux unamwambia mwandishi wa programu asiitumie. Bado imo kwenye maktaba za mifumo, ili programu za zamani zisikwame.

Lililonimaliza mimi ni hili: getpass ile ya 1979 ilichukua herufi nane tu, nyingine ikazimeza bila kusema neno. Mkristo aliyechagua “Mungu ni mwema” angelindwa na “Mungu ni”, na mwizi asingehitaji kuijua sifa.

Kwa hiyo mimi ninapiga kura istaafu, pamoja na heshima zake. Wazo la kuzima skrini libaki, maana kwa watu wanaojua kunyamaza lina faida. Na ninyi vijana mnaotuandikia programu, nawaomba: linakilini neno la kwanza mahali pake kabla ya kuuliza la pili, na kila herufi inayobonyezwa ionyesheni kwa kinyota. Mama mtunza feza amechaguliwa tena mwaka huu, na sauti yake haijapungua.