Jinsi ya Kubadilisha Nyaya za Kichwani Ukielekea Kawangware

Watu huuliza kama binadamu angekubali kupasuliwa fuvu ili ile sehemu ya ubongo inayompa raha ipangwe upya. Nairobi hakuna haja ya kisu. Unahitaji simu, laini yenye M-Pesa na foleni.

Panda matatu namba 46 jioni. Gari likikwama Valley Road, fungua Aviator, mchezo wa kamari wa simuni. Kindege kitapaa, na pesa uliyoweka itazidishwa mara moja na nusu, mara mbili, mara nne. Kikitoweka kabla hujaitoa, imekwenda. Muhimu ni usijue kitatoweka lini. Mwaka 1954 kule Montreal, wanasayansi James Olds na Peter Milner walipitisha waya kwenye ubongo wa panya, na panya akawa anabonyeza wenzo mamia ya mara kwa saa ili ajipatie umeme tu. Baadaye mwanasayansi Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za nyani, akaona huchangamkia zawadi isiyotarajiwa; ikishazoeleka, huchangamkia dalili yake. Ndiyo maana utasisimka kabla hujaweka hata shilingi.

Salio likiisha, Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ipo tangu 2019.

Sasa mtazame kijana wa dirishani. Kidole gumba kimening'inia juu ya kitufe cha kutoa pesa. Makanga amemgusa bega mara mbili akidai nauli, hajasikia. Kindege kimetoweka kwenye 1.03. Anaweka tena. Usoni hana furaha yoyote, na hilo ndilo linaloniuma: hamu imebaki, raha imeondoka.

Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Kindege kiliendelea kupaa.

Ukitaka kuzirudisha nyaya zilivyokuwa, inawezekana, ila ujue gharama yake. Mwanzoni hata chapo madondo itakosa ladha, na mechi ambayo hujaibetia itakuchosha kabla ya mapumziko. Vumilia, kwa sababu hapo ndipo wengi hurudi. Iambie kampuni ya kamari ifunge akaunti yako, kisha ufute programu. Mshahara ukiingia, mtumie mweka hazina wa chama chako cha akiba fungu lake ukiwa bado mjini, kabla hujaingia garini. Ukingoja ufike kituo cha Yaya, foleni itakuwa imeshika na kidole kinatafuta kazi.