Meza Iliyotiwa Njumu

Aliyewahi kukitazama kiti cha enzi cha Lamu au cha Siyu, kwa mpingo wake mweusi uliopachikwa vipande vya pembe na mfupa mithili ya nyota katika usiku wa kiza, atanisamehe husuda iliyonipata siku nilipokiona kimoja katika jumba la makumbusho, nikarejea kwangu Kaloleni, nikaiona meza yangu ya sipresi inachechemea kama ilivyochechemea tangu siku ya kununuliwa, nikaona haya kwa niaba yake. Kesho yake alfajiri nilikuwa soko la Gikomba.

Fundi, mzee wa maneno machache, alikuwa amezama katika maranda hata magoti. Nikamweleza matakwa yangu yote: mbao za mkangazi, miguu ya kukerezwa, nafasi ya walaji sita, na njumu za pembe. Hapo alisimamisha randa, akanikumbusha kwamba mwaka 1989 serikali ilizitia moto tani 12 za pembe hapa hapa Nairobi, akaniuliza kama natamani kuwa kuni za nyongeza. Tukaafikiana mfupa wa ng'ombe, ambao kwa wachinjaji wa soko la Burma ni tele: huchemshwa mpaka mafuta yatoke, hukatwa kwa msumeno mwembamba, kisha ubao huchimbwa kwa patasi kadiri ya kipande, kikatiwa gundi na kupigwa msasa hata kiganja kisihisi mpaka. Ni kazi isiyo na haraka na, kwa bahati yangu mbaya, isiyo na kufuta.

Maana nilitaka na maandishi pia. Meza isiyo na neno la mwenyewe niliiona kama meza ya hoteli. Nikatwaa karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI CHAKULA. Na kwa kuwa nilikuwa nimetoa arubuni tu, fundi, mtu wa hadhari, akaniomba niandike chini yake kiasi kilichosalia. Nikaandika, kwa herufi kubwa zile zile.

Baada ya wiki sita mkokoteni ulifika mlangoni, na majirani, ambao hawajapata kualikwa kushuhudia jambo wakakosa, walijipanga. Gunia likavuliwa. Wallahi, hati ile ilikuwa nzuri kuliko ya kadi za harusi: KARIBUNI CHAKULA, na chini yake, IMEBAKI SHILINGI 8,000. Hata kile kimkato cha elfu kilikuwa cha mfupa.

Nilirudi Gikomba nikihema. Fundi akaitoa ile karatasi mfukoni.

"Mwalimu, mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu, mzee."

"Basi mimi sikuongeza wala sikupunguza."

Kuuondoa mstari wa pili, alisema, kwawezekana: kuchimbua, kuziba, kupiga msasa upya, ujira, shilingi 8,000.

Deni nililipa siku ile ile, lakini meza haijapata habari. Mjomba alipotutembelea kutoka Mombasa aliusoma mstari, akarudisha nyama bakulini. Jirani mmoja aliacha noti ya mia mbili chini ya sahani. Mama mkwe hakusema neno. Alimwita binti yake jikoni, wakakaa huko muda mrefu. Tangu hapo mke wangu huliweka sinia la wali juu ya maandishi yale, wala haliondoki hata mgeni ameaga. Nawe msomaji, ukijaaliwa kufika Kaloleni, karibu sana. Kula ushibe, ila sinia usilisogeze.