Jinsi ya Kuwatembeza Wazazi Wastaafu Mpakani kwa Siku Moja

Busia haina bembea za umeme wala gari-moshi dogo la kuzungusha watoto bustanini. Malaba nayo haina. Tulicho nacho ni malori, mawakala wa forodha, wabadilisha pesa walioketi kwenye viti vya plastiki na mabunda ya noti mikononi, na wazazi wetu, waliostaafu na kushinda nyumbani wakihesabu kuku. Watoto wao walio Nairobi wakipata likizo huwaza kuwapeleka wazee kwenye bustani ya burudani yenye tiketi, muziki na foleni ya aiskrimu. Safari ya basi peke yake ni saa nane au tisa. Mzee anashuka miguu imevimba, na bustani yenyewe bado hajaiona.

Mwongozo huu ni wa kuwatembeza hapa hapa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwa siku moja, na kuwafikisha nyumbani kabla ya magharibi. Wangu nimewatembeza mara nne. Nayaandika yaliyofaa.

Anza na kalenda, na ujue kalenda hiyo si yako. Mstaafu wa huku kwetu ana shughuli kukushinda wewe mwenye ofisi. Jumamosi ni ya mazishi. Hakuna Jumamosi isiyo na hema mahali fulani, na Baba lazima aonekane. Jumapili ni ya kanisa, tena ibada ikiisha kuna kikao cha kamati. Alhamisi Mama ana chama. Kwa hiyo usimpigie simu kumtangazia tarehe, mwulize yeye ana nafasi lini. Mara nyingi itabaki Jumanne au Jumatano, nawe utaomba ruhusa kazini. Omba.

Ukiwaambia mtaondoka saa mbili asubuhi, Baba atakuwa barazani saa kumi na moja alfajiri, amevaa koti na kofia, viatu vinang'aa. Usimcheke wala usimwambie bado mapema. Baba yangu alifanya kazi reli miaka 33, na treni haikumngoja karani. Amka, keti naye, mnywe chai ya kwanza mkiwa wawili. Mazungumzo ya saa hiyo sijawahi kuyapata mchana. Mama naye atakuwa amefunga mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi na chupa mbili za chai, kana kwamba mnakwenda Sudan. Usimwambie njiani kuna hoteli. Ifikapo saa nne mtu wa kwanza kuomba kiazi utakuwa wewe.

Beba vitambulisho vya taifa vya wote, vile halisi, siyo picha kwenye simu. Beba vyeti vya chanjo ya homa ya manjano kama mnakusudia kuvuka. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa Mama. Zikiachwa kwenye buti la gari ndiyo siku mtakayoegesha mbali. Beba pia maji, mwavuli, noti ndogo ndogo, karatasi za chooni na kigoda kimoja chepesi. Kigoda hicho kitakuletea heshima kuliko zawadi yoyote uliyowahi kununua.

Sasa niseme jambo ambalo vijana hawalipangi kamwe, na ndilo linalotawala siku nzima: choo. Mzee wa miaka 70 na zaidi hatakuambia amebanwa. Atanyamaza, atakunywa maji kidogo makusudi, na jioni utamwona kichwa kinamuuma usijue kwa nini. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Kwa hiyo kila baada ya saa moja na nusu sema, "Mimi nataka kujisaidia, tusimame kidogo." Lichukue neno hilo liwe lako. Utashangaa wote wawili wanavyoshuka nawe, kila mmoja akijidai ananyoosha miguu.

Halafu chagua: Busia au Malaba. Usiunganishe. Kwenye ramani ni kama kilomita 30, nawe utasema ni dakika chache. Hizo dakika chache ziko mikononi mwa malori. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakingoja majibu ya vipimo vya korona, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita. Siku hizi hali si ile, lakini lori moja likilala vibaya barabarani, mchana wako umekwisha. Mzee mmoja, mji mmoja, siku moja.

Kama wazazi wako wanapenda watu na soko, wapeleke Busia, mvuke kwa miguu. Gari liache upande wa Kenya mahali penye mlinzi, maana kulivusha kuna makaratasi yake na bima yake, na hamkuja kwa ajili ya hayo. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kianze kazi, kile ambacho marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua rasmi Februari 2018, hakuna tena kupanga foleni mbili katika majengo mawili. Ukielekea Uganda unakaguliwa upande wa Uganda, ambako maofisa wa nchi zote mbili wamekaa ukumbi mmoja. Huyu anakutoa, yule anakuingiza. Ukirudi, kazi hiyo inafanyika upande wa Kenya. Mweleze Mama utaratibu huu kabla hamjafika, kwa sababu akipita jengo la Kenya bila kugongewa muhuri ataamini mnamtorosha.

Kwenye foleni usiwaharakishe. Baba atamsalimu kila aliye mbele na kila aliye nyuma, atauliza ukoo, na kufikia dirishani atakuwa amepata jamaa wa shemeji yake. Hiyo ndiyo burudani yenyewe. Wewe ulidhani foleni ni kitu cha kuvumilia ili mfike kwenye raha.

Mkiwa hapo, mwombe akusimulie habari ya bodaboda. Neno hilo, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, limetoka kwenye mpaka huu. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walibeba abiria na mizigo katika kipande kilicho kati ya vituo viwili, ambacho gari halikuweza kupita bila hati, huku wakiita "Boda! Boda!", yaani toka mpaka huu hadi ule. Mzee aliyewahi kubebwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli hizo, kilichoshonewa mto, ana mengi ya kusema kuhusu pikipiki za leo. Msikilize, kisha mpandishe pikipiki kama anataka, dereva aende taratibu, nawe ufuate na ya pili. Usimpandishe kwa sababu wewe unataka picha.

Upande wa pili mna vitenge, matoke, gonja ya kuchoma, na rolex, chapati iliyokunjiwa mayai. Badilisheni pesa kiasi cha matumizi tu. Wacha Mama apatane bei mwenyewe, na ukimwona ameondoka kwenye kibanda kwa hasira usimfuate ukalipe, anarudi. Jambo la kuangalia ni mifuko. Wauzaji wengi watampa kaveera, mfuko mwepesi wa plastiki, na Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, adhabu ikiwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Mzazi mstaafu hastahili kusimamishwa mpakani kwa ajili ya nyanya. Beba kiondo.

Malaba ni siku ya aina nyingine, nami naipenda zaidi.

Baba alianza kazi mwaka 1972, wakati shirika la reli lilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Reli hii ilifika Kampala mwaka 1931, ikipita hapa Malaba na Tororo, na kwa kijana wa wakati ule Tororo ilikuwa mahali pa kwenda kutazama mpira na kurudi. Ukisimama Malaba siku isiyo na ukungu unaliona jiwe la Tororo limesimama peke yake, kilele chake kikiwa mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa nimeliona jiwe lile maisha yangu yote. Sikujua kwamba baba yangu alilipanda akiwa na miaka 23, siku ya malipo, na wenzake wawili ambao mmoja alikuwa Mganda na mwingine ametoka Tanga. Alinisimulia tumekaa kando ya reli, yeye juu ya kile kigoda. Alieleza Februari 1976, Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, na jinsi watu walivyolala na nguo. Alieleza mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika likagawanywa, mafaili yakagawanywa, marafiki nao wakagawanywa. Yule wa Tanga hakumwona tena. Nilikuwa nimepanga tukae dakika kumi na tano. Tulikaa saa mbili, na hatukuona treni hata moja.

Baada ya chakula, kama magoti yanaruhusu, nendeni Kakapel, kwenye vilima vya Teso Kaskazini. Ni mwamba mkubwa wenye paa la asili, na chini ya paa hilo mna michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe: ng'ombe, wanyama wengine, na maumbo ambayo kila anayeyatazama anayasoma kivyake. Pako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Njia ya mwisho ina mawe, kwa hiyo mshike mzazi kiwiko, siyo mkono. Mkono ukishikwa anajiona mgonjwa. Msitangulie mbele mkimwachia mgongo. Na mwelekezaji akiwepo, mlipeni na mmsikilize, hata kama Mama atamkatiza kila dakika tano.

Mama yangu alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na miaka yote hiyo aliwaambia watoto kwamba kilimo kililetwa na watu waliotoka mbali. Pale Kakapel, watafiti walichimba tabaka kwa tabaka, wakachekecha udongo na kuokota mbegu zilizoungua. Mwaka 2024 walichapisha matokeo. Walikuta kunde yenye miaka kama 2,300. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi. Walikuta wimbi la miaka kama elfu moja, nalo asili yake ni Afrika Mashariki. Walikuta pia punje moja ya njegere iliyoungua lakini nzima, ambayo huenda mbegu yake ilipitia Ethiopia. Mtu ambaye jina lake hatulijui alipika hapo, akaacha kunde ikaungua.

Mama aliposikia hayo aliketi juu ya jiwe akanyamaza. Halafu akasema, "Hata kunde ilivuka mpaka." Nilimwuliza kama amechoka. Akasema hajachoka, anafikiri. Asubuhi ile ile, kabla hatujaondoka, alikuwa amechuma kunde shambani mwake na kuziacha jikoni kwenye sufuria, tayari kwa jioni.

Ndiyo maana nasisitiza mahali. Bustani ya burudani ina uzuri wake, na watoto wadogo waipate. Mzazi aliyestaafu ameishi miaka mingi akifuata ratiba ya mwajiri, na siku ya matembezi usimpe ratiba nyingine. Mpe mahali anapopajua kuliko wewe, halafu ukubali kuongozwa. Ukifika na orodha ya vitu sita vya kuona, utaona sita na hutasikia kimoja.

Kuhusu pesa, lipa mafuta, lipa chakula, lipa kiingilio. Lakini acha kitu kimoja cha Baba kulipa. Iwe soda. Usiruke kutoa simu kabla hajafungua pochi, na usimrudishie jioni kwa M-Pesa. Pensheni ni ndogo na anajua ni ndogo, lakini siku aliyowanunulia watoto wake soda Malaba ataisimulia kanisani.

Geuzeni gari saa tisa, hata kama wanasema bado wana nguvu. Watasema hivyo kwa sababu hawataki kukuharibia siku. Kwenye gari mtaona wamelala wote wawili, Mama ameegemea kiondo, kofia ya Baba imeshuka hadi puani. Zima redio. Mkifika, usiondoke papo hapo kana kwamba umemaliza zamu. Ingia ndani, ule kunde, usikie mambo yale yale yakisimuliwa upya kwa jirani aliyekuja kuuliza mlikuwa wapi.

Wangu sasa wana miaka 75 na 72. Mara ya nne, Novemba, Baba hakuweza kufika juu Kakapel. Alibaki chini na kigoda, tukampelekea habari. Mpigie mzazi wako simu leo jioni, umwulize Jumatano ipi hana shughuli.